Mtihani wa fundi uko baharini

Maji yakishatoka, Nungwi au Jambiani kule Unguja, Shela au Matondoni kule Lamu, ufuko hubaki na madimbwi, na watoto hushuka na vyombo vyao. Kimoja kimechongwa kwa kipande cha mti laini. Kingine ni ndara kuukuu iliyokatwa kwa kisu cha jikoni. Cha tatu kilikuwa boya la nyavu, likaokotwa pwani. Tanga siku hizi ni kipande cha kiroba, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania Bara mwaka 2019, na Zanzibar ilikuwa imetangulia zamani. Vidau hupangwa mstari mmoja, mwenye sauti kubwa huhesabu, kisha huachiwa upepo.

Mtazame yule ambaye kidau chake kimepinduka. Hamuulizi mtu. Anarudi nacho mchangani, anakikingamishia vijiti viwili, anavitia mirengu, yaani vielea vya ubavuni, na tayari ana ngalawa. Kikienda upande, anausogeza mlingoti. Kikizamisha pua, anatia kokoto nyuma ziwe farumi. Kaka yake akipita ataanza kwa kumcheka, halafu naye atapiga magoti majini, na nusu saa baadaye wote wawili watakuwa wamesahau walitumwa wapi.

Nimesikia mara nyingi, katika semina na hotuba za urithi, kwamba ufundi wa vyombo vya baharini unakufa kwa kuwa vijana hawataki kujifunza. Mimi naona tunawatafuta vijana mahali wasipokuwapo. Ufundi huu haujawahi kurithishwa kwa mafunzo peke yake. Umepita kutoka kizazi hadi kizazi kwa njia ya mchezo, na mashindano ndiyo yaliyoushika mkono siku ambazo biashara iliuachia.

Lakini kwanza twende panapojengwa chombo. Usitarajie karakana yenye mlango. Ni banda la makuti au kivuli cha mkungu, hatua chache kutoka mahali maji ya bamvua yanapofika, kwa sababu chombo kikiisha lazima kivutwe kishuliwe. Mchoro hakuna. Fundi mkuu anauliza mwenye chombo anataka kubeba nini, mawe na mchanga, abiria, au nyavu na barafu, na kwa jibu hilo anataja urefu wa mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, kwa mikono. Mkuku hulazwa kwanza. Husimamishwa fashini ya omo, yaani nguzo ya mbele, ikafuata fashini ya tezi, ya nyuma, na kabla ubao wowote haujapigiliwa mafundi hurudi nyuma, jicho moja limefumbwa, wakitazama kama fashini hizo zinatazamana. Timazi ipo na uzi upo. Neno la mwisho ni la jicho.

Mataruma, yaani mbavu za chombo, hutafutwa katika mti uliopinda wenyewe. Mkomafi una mapindo mazuri, mtondoo vilevile. Fundi akipita shambani kwa shughuli nyingine kabisa, arusi au maziko, ataona tawi lenye goti analolitaka na atalikumbuka lilipo hadi siku atakapolihitaji. Mke wake atakwambia kwamba kutembea naye ni kazi.

Mbao hutobolewa kabla ya kupigiliwa, na chombo cha kutobolea kwa karne nyingi kilikuwa keekee, inayozungushwa kwa uta wake mbele na nyuma. Palipofika umeme mashine imeingia, wala hakuna fundi niliyemwona akiililia keekee. Msumari wenyewe huvishwa uzi wa pamba iliyolowa mafuta chini ya kichwa chake, ili tundu lisivujishe. Halafu huja kalafati: pamba iliyolowekwa mafuta ya nazi husukumwa katika viungo vya mbao kwa patasi butu na nyundo, kiungo baada ya kiungo, kwa siku nzima, na mlio wake husikika mbali. Chini, panapozama majini, hupakwa deheni, ambayo ni shahamu iliyochanganywa na chokaa. Juu hupakwa sifa, mafuta ya maini ya papa, na harufu yake humfuata fundi hadi kitandani.

Mwanagenzi huanza na pamba. Anaisokota juu ya paja, anaichovya, anampa mkubwa. Anaokota vibanzi akawapelekee nyumbani wapikie. Baadaye anashika upande wa pili wa ubao, kazi inayoonekana ndogo mpaka ubao unapochomoka na kumpiga kifuani. Kisha anaruhusiwa kutoboa. Tezo huja mwisho, na kuna sababu: tezo hukata kuelekea miguu ya anayeishika. Mzee aliyeifanya kazi hii tangu utotoni mara nyingi ana kovu katika muundi, na ukimuuliza ataonyesha kwa fahari kidogo. Zamani aliyehitimu alimpa fundi wake kilemba, zawadi ya kumshukuru na kutangaza kwamba sasa anaweza kusimama peke yake. Pengine hiyo ndiyo desturi ambayo ningependa kuiona ikirudi, kwa kuwa ilimlazimisha mwanafunzi aseme hadharani nani alimfunza.

Watu hupenda kusema kwamba baba humfunza mwana. Mara nyingi si baba. Baba yuko baharini, au ana haraka ya kumaliza kazi apate fedha, au hasira zake ziko karibu. Anayefunza ni mjomba, au ami, au fundi wa mtaa wa pili aliyeombwa amchukue kijana. Zaidi ya wote ni babu. Mikono yake haiwezi tena kuinua tezo siku nzima, lakini ana muda. Anaketi juu ya gogo, bakora imelala mapajani, na kazi yake ni maneno mawili: toa kidogo. Mjukuu anatoa kidogo. Anaambiwa tena, toa kidogo. Haambiwi ni kiasi gani, kwa sababu kiasi hicho hakina kipimo cha shibiri wala cha inchi, na siku atakapoacha kuambiwa ndipo atajua jicho lake limefika.

Na wanawake? Makala nyingi za majahazi huwaruka, kana kwamba chombo ni mbao tu. Tembea ukanda wa mashariki wa Unguja uone mashimo ya pwani yaliyofunikwa kwa mawe. Humo wamefukia makumbi ya nazi, yakae miezi kadhaa katika matope ya chumvi hadi yalegee. Yakifukuliwa hupondwa, usumba hukaushwa, na bibi, mama na binti huketi pamoja wakisokota kamba, mazungumzo yakiwa yamekolea. Zamani kamba hiyo ndiyo iliyoshikilia chombo chenyewe. Mtepe haukuwa na msumari; mbao zake zilishonwa kwa kamba ya usumba, na tanga lake lilikuwa mkeka wa kusukwa. Kitabu cha mabaharia wa Kigiriki cha karne ya kwanza, kile kiitwacho Periplasi ya Bahari ya Eritrea, kimekwisha kutaja mashua za kushonwa katika pwani hii. Hesabu basi ni bibi wangapi walisokota kamba kabla ya mtepe wa mwisho kuacha kwenda baharini mwanzoni mwa karne ya 20.

Mwaka 2003 mafundi waliujenga upya mtepe mmoja, ukawekwa katika jumba la Beit al-Ajaib, Zanzibar. Ilikuwa kazi ya kupongezwa. Lakini fikiria ugumu wake: hapakuwa na mtepe hata mmoja uliobaki wa kuutazama, wala mzee wa kusema toa kidogo. Vizazi viwili vitatu tu vikikatika katikati, ujuzi wa karne 19 unageuka kuwa utafiti.

Ngalawa ina habari zake. Wanahistoria wengi huihusisha mirengu yake na mabaharia waliotoka upande wa Indonesia wakaja hadi Madagaska na Komoro, lakini gogo lake ni la hapahapa, na kwa kawaida ni mwembe. Sasa mwembe wa kutosha ngalawa haupandwi leo ukakatwa kesho. Ulipandwa na mtu ambaye hayupo, aliyetaka maembe, na ameacha warithi. Unguja na Pemba mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi iliyo chini yake ikawa na mwingine. Anayetaka gogo basi anaitisha kikao cha ukoo. Yuko shangazi wa Mkokotoni ambaye huuza maembe hayo kila msimu. Wako wajukuu Dar es Salaam, mmoja Maskati, mwingine Uingereza ambaye hajauona mti huo tangu utotoni lakini ghafla, kwa simu, ana mapenzi nao makubwa. Huongea wote. Wakikubaliana, gogo huangushwa na kuchimbwa hukohuko shambani ili lipungue uzito, na siku ya kulivuta kwenda pwani kijiji hutoka, kamba zikashikwa, mwenye kuimba akaimba na wengine wakaitikia. Mwenye ngalawa hupika. Kwa hiyo chombo cha mtu mmoja na mwanawe, cha kwenda kuvua changu na pweza, kina mikono ya watu hamsini ndani yake kabla hakijagusa maji.

Shida za ufundi huu ninazijua na sitazipunguza. Alan Villiers, baharia na mwandishi kutoka Australia, aliposafiri na jahazi la Wakuwait kati ya mwaka 1938 na 1939 hadi Zanzibar na delta ya Rufiji, safari za kaskazi na kusi zilikuwa bado biashara ya kweli, na vyombo vilirudi Ghuba vimejaa boriti za mikoko. Biashara hiyo imekwisha, na pamoja nayo mahitaji ya majahazi makubwa. Mbao nzuri zimekuwa ghali na ziko mbali. Kenya iliposimamisha ukataji miti Februari 2018, wakataji mikoko wa Lamu, kaunti yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya nchi, waliamka hawana kazi. Boti za faiba hazihitaji kalafati kila mwaka, na mvuvi mwenye akili huliona hilo. Mashine nazo zimelibadilisha hata umbo la chombo: tezi iliyochongoka hukatwa ikawa bapa ili injini ipate pa kukaa.

Kuna jambo jingine ambalo hotuba hazilisemi. Mafundi wenyewe huwaambia watoto wao wasome wakaajiriwe. Mgongo unauma, malipo huja kwa vipande, mwenye chombo hupotea miezi minne akitafuta fedha za misumari huku mataruma yakipigwa na mvua. Baba anayemwambia mwanawe aende chuo cha ualimu hajausaliti urithi wowote. Amehesabu tu.

Wakati huohuo mikono iliyofunzwa vizuri haikosi pa kwenda. Ali Skanda, fundi wa Lamu anayetoka katika ukoo wa mafundi, aliongoza ujenzi wa jahazi la mita 9 kwa plastiki iliyookotwa fukwe na mitaani. Zilitumika tani 10 za takataka, na ubavu wake ulivishwa vipande vya ndara zipatazo 30,000. Liliitwa Flipflopi, likashuliwa Septemba 2018, na mwanzoni mwa 2019 likaenda kwa tanga kutoka Lamu hadi Zanzibar. Dunia ilishangaa. Watoto wa Shela nadhani hawakushangaa sana, wao ndara wamekuwa wakizigeuza vyombo siku zote. Kilichonivutia mimi ni kwamba mkuku, mataruma na mbao zake za plastiki vilichongwa na kuunganishwa na watu waliojifunza juu ya miti. Mafundi wenye vitabu vya michoro wangeweza kuanza kwa kuchora. Hawa walianza kwa kuzoea: ubao huu wa plastiki unapinda vipi, unashika msumari kiasi gani, jua la saa saba linaufanya nini.

Sasa mashindano. Lamu huyafanya wakati wa Maulidi, sikukuu ambayo chimbuko lake ni Msikiti wa Riyadha, na yapo mengine mwaka mpya Shela na katika tamasha za mji. Punda watakimbia, waogeleaji wataogelea, lakini gumzo ni mashua. Majuma kabla ya siku yenyewe, chombo hupandishwa na bamvua, kikalazwa ubavu, kikakwanguliwa. Makuti huwashwa na mwali ukapitishwa chini yake kuua wadudu wanaotoboa mbao, kisha deheni mpya. Hapa hakuna anayeulizwa umri. Mtoto wa miaka saba anakwangua pale ambapo mkubwa hafiki. Mama wa nyumba ya pili analeta mahamri, na anataka kujua tanga la mwaka huu limeshonwa na nani.

Ndipo utakapowaona vijana tulioambiwa hawataki. Mwalimu wa shule ya msingi ameomba ruhusa. Mpishi wa hoteli amebadilishana zamu. Yuko wa bodaboda, yuko karani wa kaunti aliyevua viatu, na yuko aliyekuja kwa basi kutoka Mombasa usiku kucha. Hawa si wavuvi tena, na baadhi yao hawakuwahi kuwa. Ila kila mmoja ana mahali pake katika chombo, na mahali hapo palikuwa pa ami yake au pa babu yake, na asipokuja hupewa mwingine kwa shingo upande.

Tanga la mashindano ni kubwa kuliko la kazi, kwa hiyo chombo kinataka kulala. Ubao mrefu husukumwa nje upande wa upepo, na watu wakakaa juu yake wamening'inia juu ya maji, wakisogea nje na ndani kwa kadiri upepo unavyopanda na kushuka. Magunia ya mchanga ni farumi; upepo ukilegea humwagwa. Mmoja kazi yake ni kuteka maji ngamani na kuyatupa, hatazami mashindano hata kidogo. Kwenye boya la kugeuzia ndipo pabaya. Foromali, mti unaobeba tanga, lazima izungushwe ipite mbele ya mlingoti na tanga lihamie upande wa pili, nahodha akishika usukani bila papara, watu wote wakihama pamoja. Wasipofanya kama mwili mmoja, tanga hupiga, chombo husimama, na waliokuwa nyuma hupita wakiwatania kwa majina ya utani ya babu zao.

Wazee wako barazani na ukutani mwa pwani. Hawahitaji darubini. Wanavijua vyombo kwa pua na kwa jinsi vinavyopasua maji, na wanavitaja kwa jina la aliyevijenga: hiki cha fulani, kile kilianzwa na marehemu fulani kikamalizwa na mwanagenzi wake, na kuanzia tezi utaona mkono umebadilika. Hakuna bodi ya mitihani kali kuliko hii. Fundi anaweza kumficha mteja ubao wenye fundo kwa rangi, anaweza kueleza kwa nini kazi imechelewa. Siku ya mashindano hana la kueleza. Mji mzima unatazama kama chombo chake kinapanda joshi, yaani kuelekea upepo, au kinateleza upande, na mwanagenzi aliyesokota pamba kwa miaka anatazama pia, na anajifunza kwa aibu au kwa fahari jambo ambalo hakuna aliyeweza kumwambia kwa maneno.

Kuna wanaonung'unika kwamba mashindano yamekuwa ya wanasiasa na wenye mahoteli, kwamba majina ya wafadhili yamejaa kwenye matanga. Ni kweli, na matanga mengine yanachukiza kutazama. Lakini wafadhili hao ndio wanaolipia nguo ya tanga na mbao za kurekebisha, na mashua zinazowabeba watalii jioni kutazama jua likizama hupata ukarabati ambao samaki peke yao wasingeulipia. Afadhali chombo chenye tangazo kinachojengwa upya kila baada ya miaka kadhaa kuliko kisicho na doa kilichowekewa kamba katika jumba la makumbusho.

Mashindano yakiisha, ugomvi huanza, na hautakwisha kabla ya Maulidi mengine. Mwenye chombo kilichoshindwa anamlaumu fundi, fundi anamlaumu nahodha kwa kugeuza mapema, nahodha anasema tanga lilikatwa vibaya, na mshona tanga anaapa. Zawadi hutolewa jukwaani kwa nahodha na mwenye chombo. Fundi wa kilichoshinda haitwi. Malipo yake huja siku chache baadaye, mvuvi wa Faza au Kizingitini akishuka gatini, akauliza nyumba yake iko wapi. Atataka kama kile kilichoshinda, ila kipana zaidi katikati kwa ajili ya nyavu, na tezi iwe bapa kwa ajili ya mashine. Fundi atasema kikipanuliwa hakitakwenda kama kile. Mvuvi atasema anajua, lakini apunguziwe. Mjukuu ataambiwa alete kahawa, kisha akae hapohapo asikilize jinsi bei inavyosemwa.